Maiki hiyo alipewa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu, naye ni mtu wa Tabora hii hii, ambaye barua yake mliichapisha wiki iliyopita. Anataka wake za wagombea wapigwe marufuku kushika maiki kwenye kampeni, na ushahidi wake mkuu ni Grace Mugabe, mke wa Robert Mugabe wa Zimbabwe. Anasema ulimi wa mwanamke yule ndio uliomng'oa mzee aliyetawala Zimbabwe miaka 37, na kwamba tusingoje yatukute na sisi.

Mimi ni fundi mitambo. Nakodisha muziki: spika, maiki, mikisa, jenereta na kijana wa kuvuta waya. Harusi, maulidi, kipaimara, misiba mikubwa, na msimu ukifika, kampeni za chama chochote kinacholipa kabla ya mkutano (baada ya mkutano huwapati, hata simu hawapokei). Hotuba za siasa nimezisikiliza nyingi, wala si kwa mapenzi. Msikilizaji anaweza kusinzia chini ya mwembe, mimi siwezi, maana msemaji akifoka ghafla zinazoungua ni spika zangu. Kwa hiyo hotuba naijua kwa vidole. Najua mtu anapandisha wapi, anashusha wapi, anangoja makofi wapi na kimya kinamtisha wapi.

Hotuba za Grace Mugabe nimezisikiliza kwenye simu, usiku, kwa hedifoni za kazi. Nakubaliana na mwenzangu kwamba zilikuwa hotuba mbaya. Tunachopishana ni ubaya wake ulikaa wapi.

Tuanze na Bulawayo, maana ndiko yeye alikotia nukta. Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2017, mkutano wa vijana wa ZANU-PF, chama tawala cha Zimbabwe, katika uwanja wa White City. Rais Robert Mugabe, miaka 93, yupo. Mkewe amesimama anamshambulia makamu wa rais, Emmerson Mnangagwa. Sehemu ya umati inaanza kuzomea. Sasa hapo kila fundi mitambo anajua kinachotakiwa: kelele zikipanda, msemaji mzoefu ananyamaza, anaziacha zishuke zenyewe, halafu anarudi kwa sauti ya chini ili watu walazimike kutulia wamsikie. Yeye alipanda juu yake. Akawaambia kama wamelipwa ili wamzomee, waendelee tu, yeye hajali.

Baadaye akasimama mumewe, naye amekasirika. Akalalamika kwamba wanatukanwa kwa jina la Mnangagwa. Akauliza kama alikosea kumteua, na kama alikosea, basi atamwondoa hata kesho. Hakukawia. Jumatatu, tarehe 6, Mnangagwa alikuwa nje ya ofisi.

Wengi hutazama kipande cha mke akizomewa wakacheka wakaishia hapo. Mimi nawaomba watazame mkutano mzima. Aliyetukana ni mmoja, aliyezomewa ni huyo huyo, lakini aliyekuja kujibu zomeazomea ni mwingine, tena amekuja na kalamu ya kufukuzia watu kazi. Hotuba ya Bulawayo ilikuwa na wasemaji wawili. Wa kwanza hakuwa na cheo cha serikali hata kimoja. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa chama, basi. Lakini kila sentensi aliyoitoa ilikuwa na mdhamini aliyekaa pale pale.

Kesho yake, Jumapili, yuko Harare mbele ya waumini wa makanisa ya Kiafrika. Huko alisema nyoka lazima apigwe kichwani, na kila mtu alijua nyoka ni nani. Akawaeleza pia kwamba amemwambia mumewe amwachie nafasi yake, asiogope, kama anataka kumpa kazi hiyo ampe tu. Rudia kuisoma sentensi hiyo polepole, Mhariri. Nchi yenye katiba, bunge, mahakama na chama chenye mkutano mkuu maalumu uliopangwa Desemba, na suala la nani atakuwa rais linaelezwa kama mazungumzo ya mume na mke baada ya chakula cha usiku. Wala hakunong'ona. Alilisema kwenye spika, mbele ya umma, kwa sauti ya mtu asiyeona kama kuna tatizo.

Mwezi mmoja kabla ya hapo alilijibu lile la aiskrimu. Mnangagwa aliugua ghafla kwenye mkutano wa hadhara Gwanda, Agosti 2017, na uvumi ukaenea kwamba alilishwa aiskrimu kutoka kiwanda cha maziwa cha familia ya Mugabe. Tuhuma nzito. Mtu mwingine angesema hapana, sikuhusika, wapelelezi wafanye kazi yao. Yeye alijibu kwenye televisheni kwa kuuliza: nimuue ili iweje, kwani Mnangagwa ni nani, mtu aliyepewa kazi na mume wangu? Hoja nzima inasimama kwenye maneno hayo ya mwisho. Yule mtu alifungwa na serikali ya walowezi miaka ya 1960, na amekuwa kwenye uongozi wa nchi tangu uhuru wa 1980. Kwa pumzi moja akageuzwa mfanyakazi wa nyumbani. Huwezi kumjibu mtu anayezungumza hivyo, kwa sababu ukianza kutaja katiba utaonekana unaingilia ugomvi wa familia.

Nakuja kwenye lile ambalo magazeti mengi yalilichukulia kama kichekesho. Februari 2017, huko Buhera, aliwaambia wafuasi kwamba hata Mungu akimchukua Mugabe, maiti yake wataiweka kwenye karatasi ya kura na ishinde. Kabla ya hapo, mwaka 2015, alishaahidi kumtengenezea mumewe kiti maalumu cha magurudumu ili atawale mpaka miaka mia. Watu walicheka, na yeye alikusudia wacheke.

Huku kwetu Unyamwezini maneno kama hayo yana mwenyewe. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha kwenye msiba. Atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, atajilaza kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yanatoka. Lakini utani una sharti moja ambalo hata mtoto analijua: na mimi siku yako ikifika nitakufanyia. Ukinichekea, unanipa haki ya kukuchekea. Mama Grace alichukua ruhusa ya mtani akaliacha sharti. Wakati yeye anatania maiti ya rais jukwaani, sheria za Zimbabwe zilikuwa na kifungu cha kumdhalilisha rais, na watu wa kawaida walishatiwa mbaroni kwa kifungu hicho kwa maneno waliyoyasema baa na kwenye mabasi. Uzee wa rais, ambao nchi nzima ilikuwa inauzungumza kwa kunong'ona, ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuutaja kwa spika, na alikuwa anautaja ili kuufunga. Akishasema yeye, wewe huna cha kuongeza. Kwa ufundi wa maneno, hapo alikuwa hodari sana, tuseme ukweli.

Na ile mama, mama. Wafuasi walimwita Amai, yaani mama kwa Kishona, na yeye aliitumia nafasi hiyo mpaka tone la mwisho. Julai 2017 kule Chinhoyi alimkaripia hadharani George Charamba, msemaji wa mumewe, mtu mzima mwenye ofisi yake, kama anavyokaripiwa mtoto aliyemwaga uji. Mtu mzima akikaripiwa na mama mbele ya watu atafanya nini? Akijibu, hana adabu. Akinyamaza, amekiri. Nimewaona mawaziri kwenye zile video wanavyotabasamu. Tabasamu lile nalijua, hata bwana harusi huwa nalo mshenga anapozidisha maneno.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe ya mwenzangu, kwamba ulimi huo ndio uliomwangusha mzee.

Ulimi ule ule ulifanya kazi ile ile mwaka 2014. Oktoba ya mwaka huo Grace alizunguka mikoani na mikutano yake, na aliyekuwa anapigwa ni makamu wa rais wa wakati huo, Joice Mujuru. Maneno yalikuwa makali vile vile na ukaripiaji ulikuwa ule ule. Kufika Desemba Mujuru hana cheo, na Grace ni mwenyekiti wa wanawake wa chama. Mugabe hakutikisika. Miaka mitatu baadaye, ulimi huo huo, mbinu hiyo hiyo, cheo kile kile cha makamu wa rais, na serikali ikaanguka ndani ya wiki mbili. Kama dawa ni ile ile na mgonjwa mmoja alipona mwingine akafa, usikimbilie kuilaumu dawa.

Tofauti ilikuwa kwa aliyeshambuliwa. Mume wa Mujuru, Jenerali Solomon Mujuru, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi, alikufa kwa moto Agosti 2011, kwa hiyo mwaka 2014 mjane hakuwa na wa kumpigia simu kambini. Mnangagwa alikuwa naye. Tarehe 13 Novemba 2017 Jenerali Constantino Chiwenga, mkuu wa majeshi, akatoa onyo mbele ya waandishi. Tarehe 15 wanajeshi wako kwenye televisheni wanasema hawamlengi rais, wanawalenga wahalifu waliomzunguka. Tarehe 19 chama kikamvua Mugabe uongozi na kumfukuza mkewe uanachama. Tarehe 21 akajiuzulu, na tarehe 24 Mnangagwa akaapishwa. Angalieni ni nani walisema nini: hata jeshi lilipopindua, lilijitetea kwa kuwatupia lawama waliomzunguka mzee. Kusema mke ndiye aliyeiharibu nchi kuliwafaa majenerali kuliko mtu yeyote. Mwenzangu anaporudia maneno hayo hapa Tabora, anawafanyia kazi watu ambao hata hawamjui.

Mzee mwenyewe ndiye aliyempa mkewe maiki, akakaa nyuma yake, akasikia, kisha akatekeleza. Mwaka 2014 ni yeye, kama mkuu wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliyemvisha mkewe joho la udaktari. Tunamzungumzia mke kama mwizi aliyeruka ukuta, wakati mwenye nyumba alifungua geti na kushika taa.

Halafu kuna mfano wa Nigeria, ambao mwenzangu hakuugusa, nami nadhani unaivunja kabisa marufuku yake. Oktoba 2016 Aisha Buhari alihojiwa na Idhaa ya Kihausa ya BBC. Alisema serikali ya mumewe imetekwa na watu wachache, kwamba rais hawajui wengi wa wale walioteuliwa, na kwamba mambo yakiendelea hivyo hatatoka tena kumpigia kampeni uchaguzi ujao. Rais Muhammadu Buhari alikuwa Berlin, amesimama na Kansela Angela Merkel, alipoulizwa kuhusu hilo. Akajibu kwamba hajui mkewe ni wa chama gani, ila ni wa jikoni kwake, sebuleni kwake na kile chumba kingine.

Wake wawili, na wote walizungumza hadharani mambo ya serikali za waume zao. Mmoja alizungumza kwa kumpendelea mumewe akapewa nchi nzima kuzunguka. Wa pili alizungumza kwa kumkosoa akarudishwa jikoni mbele ya kansela wa Ujerumani. Kwa marufuku ya mwenzangu, tungemnyamazisha wa pili, ambaye alichosema wananchi walikuwa na haki ya kukisikia, ili tu tumpate wa kwanza. Na tusingempata, kwa sababu mwenye maiki angempa tu.

Tena marufuku hiyo ingewahusu na waume? Rais wetu ni mwanamke. Mumewe, Mzee Hafidh Ameir, hatumsikii majukwaani, na sijaona mtu aliyeandika barua kumshukuru wala kumlaumu. Bibi Titi Mohamed alisimama kwenye majukwaa ya TANU kama kiongozi wa wanawake wa chama, kwa jina lake mwenyewe, bila kuazima la mume. Huyo ungeweza kumpinga, na watu walimpinga, naye alijibu. Ninachokidai ni hicho tu. Tabora hii ndiko TANU ilikokutana Januari 1958 ikabishana, kwelikweli, kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia) au isiingie. Uamuzi wa Busara, yaani ule wa kuingia, haukupatikana kwa mtu mmoja kusema na wengine kupiga vigelegele.

Niseme na la kwetu, dogo, lakini nililiona kwa macho. Mkutano wa kampeni za udiwani, kata siitaji wala chama sikitaji. Mgombea amemaliza, mshereheshaji anamwita mama aje awasalimie wananchi. Mama akaja amejifunga kitenge cha chama, akaikamata maiki kichwani kwa kiganja kizima, ikaanza kupiga mluzi. Nikashusha, nikamwonyesha kwa ishara ashike chini. Akapiga magoti. Mwangaluka! Umati ukaitika. Akasema yeye hajui siasa, yeye ni mama tu, amekuja kumwombea kura baba yenu. Vigelegele. Halafu, bado kapiga magoti, kwa sauti ile ile ya upole, akasema kisima chao pale nyumbani kimewanywesha watu wa mtaa ule kiangazi chote na wao hawajawahi kumdai mtu hata shilingi, kwa hiyo atashangaa sana akisikia kuna waliompa kura mtu mwingine.

Watu walicheka. Ni maneno ya upole, yana kicheko, yametoka kwa mtu aliyepiga magoti. Lakini fungua yaliyomo: mkimnyima, maji mtayakuta kwa nani? Mgombea mwenyewe asingethubutu kusema hivyo. Angesema, wapinzani wangemrekodi na kumpeleka panapohusika. Mama anaweza, kwa sababu yeye hajui siasa.

Pembeni ya spika yangu ya kushoto alikuwa bibi mmoja na ndoo yake tupu. Akasema, kwa sauti ya kawaida, sasa ule mradi wa bomba uliopitishwa na baraza ni wa kisima chenu au ni wetu? Swali zuri kuliko hotuba zote za siku ile. Walilisikia watu sita labda, pamoja na mimi. Nilikuwa na maiki ya pili mezani, ina betri mpya. Nikaiinua, nikamtazama mshereheshaji. Akanikonyeza niiweke chini. Aliyenilipa ni yeye, nikaiweka.

Kwa hiyo namwambia mwenzangu: ukimpiga marufuku mama yule, kesho yake watamleta shangazi, au mtoto wa mwisho mwenye sauti tamu, au mzee wa kimila. Maneno yale yale yatapita kwenye mdomo mwingine. Kinachoipa nguvu hotuba ya namna hii ni kwamba imetengwa mahali ambapo huwezi kuihoji bila kuonekana mkosa adabu. Iondoeni hapo. Anayepanda jukwaani kuomba kura, awe mke, mume, mjomba au shemeji, akimaliza aulizwe maswali matatu kama mgombea. Akisema yeye hajui siasa, basi na kura asiombe.

Na nyinyi magazeti, Mhariri, mniwie radhi, mna sehemu yenu. Mke wa mkubwa akihutubia, mnatuandikia alivyopendeza, rangi ya kitenge na jinsi alivyowatoa watu machozi. Aliyoyasema hatuyapati. Hotuba ya mgombea mnaichambua ahadi kwa ahadi. Ya mkewe mnaipeleka ukurasa wa burudani. Chapisheni maneno yake yote, yalivyotoka, na chini yake muandike ni ahadi gani ametoa na kwa mamlaka gani. Akilalamika kwamba mmemwonea, mpeni nafasi ajibu, kama mnavyonipa mimi.

Upande wangu nimeshabadilisha bei. Atakayekodi muziki wangu kwa mkutano wa hadhara anapata maiki mbili kwa gharama ya moja, na ya pili ina waya wa kufika katikati ya watu. Asiyeitaka iwashwe aniambie mapema, tena mbele ya kijana wangu, maana ndiye huulizwa na watu kwa nini imezimwa.

Wenu,
Fundi Mitambo,
Isevya, Tabora
(Jina limehifadhiwa)